Je, Alikuwapo? Riwaya na Kumbukumbu katika Kufundisha Vita vya Biafra

Mkufunzi anapokwenda kuwatazama walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, huketi nyuma ya darasa na daftari lake, naye huandika zaidi makosa ya mwalimu kuliko maneno ya wanafunzi. Siku moja nilifanya kinyume. Somo lilikuwa Historia, mada ilikuwa matatizo ya mataifa ya Afrika baada ya uhuru, na mfano uliochaguliwa ulikuwa vita vya Biafra. Kijana aliyefundisha alikuwa amejitayarisha vyema. Badala ya kuanza na orodha ya tarehe, alilisimulia darasa tukio moja kutoka katika "Half of a Yellow Sun", riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie iliyotolewa mwaka 2006. Mwanamke yumo ndani ya garimoshi lililojaa watu wanaokimbia mauaji ya Kaskazini, naye amepakata kibuyu. Ndani ya kibuyu mna kichwa cha mtoto wake. Darasa lilinyamaza kimya. Kisha mkono mmoja ukainuka, na mwanafunzi akauliza: "Mwalimu, huyo mwandishi alikuwapo?"

Mwalimu akajibu kwa uaminifu kwamba hakuwapo. Alizaliwa mwaka 1977, miaka saba baada ya vita kwisha. Baadhi ya wanafunzi wakacheka, wengine wakafunga madaftari yao. Katika kipindi kilichofuata mwalimu alikuja na kumbukumbu za jenerali mmoja aliyeongoza majeshi katika vita hivyo. Safari hii hakuna aliyecheka. Jenerali alikuwapo, basi kila alichokisema kikanakiliwa neno kwa neno.

Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo. Ni swali zuri, wala mwalimu hana haki ya kulikasirikia. Lakini ni nusu ya swali. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na wanafunzi wetu wameigeuza methali hiyo kuwa sheria ya ushahidi. Nusu ya pili ya swali, ambayo ni kazi yetu walimu kuifundisha, ni hii: kama alikuwapo, alikuwa amesimama wapi? Na kama hakuwapo, alisikia kwa nani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya na kumbukumbu za vita vya wenyewe kwa wenyewe hazina budi kusomwa pamoja darasani, kila moja ikiihoji mwenzake, na kwamba mwalimu anayefundisha moja tu humnyima mwanafunzi njia ya kuupima ukweli.

Vita vyenyewe kwa ufupi

Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960. Tarehe 15 Januari 1966 maofisa vijana wa jeshi waliipindua serikali, wakamwua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa pamoja na viongozi wengine, wengi wao wa Kaskazini na Magharibi. Kwa kuwa wengi wa maofisa hao walikuwa Waigbo, mapinduzi hayo yalitazamwa Kaskazini kama njama ya kabila moja. Mwezi Julai mwaka uleule askari wa Kaskazini walijibu kwa mapinduzi ya pili. Katika mwaka huo huo maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi Kaskazini waliuawa, na walionusurika wakakimbilia Mashariki kwa garimoshi, kwa malori na kwa miguu. Mazungumzo yaliyofanyika Aburi, nchini Ghana, mwezi Januari 1967 hayakuleta suluhu ya kudumu. Tarehe 30 Mei 1967 Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu alitangaza kwamba Jimbo la Mashariki limekuwa Jamhuri ya Biafra. Vita vilianza Julai mwaka huo, vikaisha tarehe 15 Januari 1970. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana mno, kutoka nusu milioni hadi milioni tatu. Wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, ndani ya eneo lililozingirwa.

Hayo ndiyo yanayoweza kuandikwa ubaoni kwa dakika kumi. Mtihani hauombi zaidi ya hapo. Lakini mwanafunzi aliyeyanakili hayo tu hajaelewa ni kwa nini watu waliosoma shule moja, wakala sahani moja na kuoleana, waliweza kuuana kwa miezi thelathini. Kwa ajili ya hilo hatuna budi kuvigeukia vitabu.

Aliyekuwapo alisimama wapi?

Mwaka 1980 yalitoka maandishi ya majenerali wawili waliopigana pande mbili. Olusegun Obasanjo, aliyekabidhiwa Divisheni ya Tatu ya jeshi la shirikisho mwezi Mei 1969 na kupokea salamu za kushindwa kwa Biafra, alitoa "My Command". Alexander Madiebo, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Biafra, alitoa "The Nigerian Revolution and the Biafran War". Mmoja alikuwa ametoka kuliongoza taifa zima kuanzia 1976 hadi 1979. Mwingine alikuwa jenerali wa nchi iliyokwisha kufutwa katika ramani. Wote wawili walikuwapo. Je, mwanafunzi akiwasoma wote wawili na kuona hawapatani, amwamini nani?

Mtu anaweza kusema kwamba tofauti hizo ni za maadui. Sivyo. Mwaka 2013 Godwin Alabi-Isama, aliyepigana katika Divisheni ileile ya Tatu chini ya bendera ileile, alitoa "The Tragedy of Victory" kuyapinga mengi aliyoyaandika Obasanjo. Watu wawili wa jeshi moja, baada ya zaidi ya miaka thelathini, hawakubaliani ni nani hasa anayestahili sifa ya ushindi. Usione vyaelea, vimeundwa. Kumbukumbu nazo zimeundwa. Zina seremala wake, na seremala ana mteja.

Tuwatazame pia waliokuwapo bila kuwa na jeshi la kuliongoza. Wole Soyinka, aliyejaribu kuzuia vita, aliwekwa kizuizini na serikali ya shirikisho tangu 1967 hadi 1969, muda mwingi akiwa peke yake chumbani. Kitabu chake cha 1972, "The Man Died", kinavitazama vita kutoka nyuma ya ukuta: hakioni mapambano, lakini kinaiona dola jinsi inavyomtendea raia wake mmoja. Elechi Amadi, Mwikwerre wa upande wa Port Harcourt aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi kabla ya vita, alitiwa kizuizini na serikali ya Biafra, kisha akajiunga na upande wa shirikisho. "Sunset in Biafra" cha 1973 ni ushahidi wa mtu wa kabila dogo aliyejikuta ndani ya taifa jipya ambalo hakuliomba. Vizuizi viwili, serikali mbili, vitabu viwili. Mwanafunzi akivisoma sambamba hataweza tena kusema kwamba upande mmoja ulikuwa wa malaika.

Riwaya husema nini ambacho shahidi hasemi?

Hapa ndipo walimu wa Historia hukunja uso. Riwaya, wanasema, ni uzushi. Mwandishi huvuta tarehe na kuumba watu. Ni kweli. Lakini yako mambo ambayo aliyekuwapo hawezi kuyasema bila kujishtaki, na hayo ndiyo aghalabu riwaya huyasema.

Nitarudi kwa Adichie. Katika riwaya yake yumo Ugwu, kijana mtumishi wa nyumbani, mpole na mwenye akili, ambaye msomaji humpenda tangu ukurasa wa kwanza. Ugwu anakamatwa na kuingizwa jeshini kwa nguvu. Na huko, akidhihakiwa na wenzake, anashiriki kumnajisi msichana katika kilabu cha pombe. Msomaji hana pa kukimbilia. Si adui aliyetenda. Ni mtoto wetu. Ni askari wangapi waliokuwapo wataandika katika kumbukumbu zao: nami nilifanya hivyo? Na mwishoni mwa riwaya tunagundua kwamba kile kitabu cha historia ya vita kilichokuwa kikinukuliwa ndani ya hadithi hakikuandikwa na mgeni Mwingereza kama tulivyodhani, bali na Ugwu huyuhuyu. Mwandishi anatuambia kwamba anayeandika historia anaweza kuwa na damu mikononi. Hilo ni somo la mbinu za historia, nalo limo ndani ya riwaya.

Mfano wa pili ni Chinua Achebe, ambaye ni wa manufaa sana kwa mwalimu kwa sababu aliandika kwa njia zote mbili. Achebe aliitumikia Biafra, akitumwa nje kuitetea. Mwaka 1972 alitoa mkusanyo wa hadithi fupi, "Girls at War". Hadithi yenye jina hilo inamhusu afisa wa wizara wa Biafra anayepakia garini chakula cha msaada wakati watu wenye njaa wanamtazama, na msichana ambaye vita vimemgeuza kutoka mwanaharakati kuwa mwanamke wa kutunzwa. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2012, Achebe huyohuyo alitoa "There Was a Country", kumbukumbu zake binafsi, kitabu kilichozua mabishano makali nchini Nigeria, hasa juu ya ni nani wa kulaumiwa kwa njaa ile. Shahidi ni mmoja. Lakini kijana aliyetoka vitani jana aliandika hadithi ya kuwakosoa watu wa upande wake, na mzee alipotazama nyuma aliandika mashtaka na maombolezo. Darasa likiweka maandishi hayo mawili mezani, litajifunza kwamba kuuliza "aliandika lini?" ni sawa na kuuliza "alisimama wapi?"

Hata hivyo riwaya nayo ina mahali iliposimama. Mwalimu anayemchagua Adichie peke yake amechagua, pengine bila kujua, macho ya Waigbo wenye elimu. Hana budi kuongeza wengine. Flora Nwapa katika "Never Again" ya 1975 anaonyesha mji wa ziwani unaoambiwa na wakubwa kwamba hautaanguka kamwe, hali wanawake wanafunga mizigo kwa siri. Festus Iyayi, asiyekuwa Mwigbo, katika "Heroes" ya 1986 anamfuata mwandishi wa habari anayeanza kwa kulipenda jeshi la shirikisho na kuishia kuona kwamba askari wa pande zote mbili hufa kwa faida ya majenerali na wanasiasa. Ken Saro-Wiwa, Mwogoni aliyekuwa mtawala wa Bonny upande wa shirikisho wakati wa vita, katika "Sozaboy" ya 1985 anamleta Mene, kijana anayejifunza udereva, ambaye anaingia jeshini kwa ajili ya sare na kwa ajili ya mkewe, na ambaye hadi mwisho hajui vita vilikuwa vya nini. Jenerali hawezi kuandika kitabu kama hicho, kwa sababu jenerali lazima ajue vita vilikuwa vya nini.

Sisi nasi tulisimama mahali

Mwalimu wa Tanzania asijidanganye kwamba yeye ni mtazamaji tu. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata mwaka huohuo, na Haiti mwaka 1969. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umesimama upande wa umoja wa Nigeria. Mwalimu Nyerere alisimama kando na wengi. Hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na kwamba watu waliouawa na kukataliwa hawawezi kurudishwa katika umoja kwa mabomu.

Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba hoja hiyo ilikuwa ya utu, na kwamba ilihitaji ujasiri. Lakini kitabu cha Amadi kinaniuliza swali ambalo sijalimaliza: na wale Waikwerre, Waogoni, Waijaw na Waibibio waliokuwa ndani ya mipaka ya Biafra, nani aliwauliza wao? Ikiwa umoja ni wa hiari, hiari hiyo huanzia wapi na kukomea wapi? Sidhani kwamba mwalimu anapaswa kuwapa wanafunzi jibu. Anapaswa kuwapa tamko la serikali yetu la 1968 na sura moja ya Amadi, kisha akae kitako asikilize. Nchi inayowafundisha vijana wake kuuhoji hata uamuzi wake mwema haina la kuogopa.

Tusisahau pia kwamba Mwafrika Mashariki alikwisha kuingia katika mjadala huu kwa njia ya riwaya. Mshairi Christopher Okigbo aliuawa akiipigania Biafra karibu na Nsukka mwaka 1967. Mwaka 1971 Ali Mazrui wa Mombasa alitoa "The Trial of Christopher Okigbo", ambamo mshairi huyo anashtakiwa huko ahera kwa kuliweka kabila lake mbele ya sanaa yake. Mtu anaweza kukubali au kukataa mashtaka hayo. Darasa linaweza kuendesha kesi hiyo upya.

Mapendekezo ya darasani

Sipendekezi kwamba mwanafunzi wa sekondari asome vitabu kumi. Muda hautoshi, na vitabu havipo. Napendekeza hatua nne ambazo mwalimu anaweza kuzitimiza katika vipindi vinne.

Kwanza, achague mahali pamoja au jambo moja, si vita vyote. Mji wa Asaba, kando ya mto Niger, ambako askari wa shirikisho waliwaua mamia ya wanaume na vijana mwezi Oktoba 1967, unafaa. Njaa inafaa. Siku za mwisho za Januari 1970 zinafaa.

Pili, atoe nakala za kurasa mbili za kumbukumbu na kurasa mbili za riwaya juu ya jambo hilo, asiseme ipi ni ipi. Wanafunzi wakisie, na waeleze sababu. Watashangaa kuona mara ngapi jenerali ameandika kama mtunzi, na mtunzi kama karani.

Tatu, achore ubaoni safu tatu: alisimama wapi, aliandika lini, ananyamaza juu ya nini. Safu ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Isijazwe na mwalimu.

Nne, kila kikundi kifasiri aya moja kwa Kiswahili. Aya ya "Sozaboy" itawasumbua sana, kwa kuwa Saro-Wiwa mwenyewe aliiita lugha yake Kiingereza kilichooza. Je, Mene aseme Kiswahili sanifu cha vitabuni, au cha utingo wa stendi ya mabasi? Wakibishana juu ya hilo watakuwa wanabishana juu ya nani mwenye haki ya kusimulia vita.

Pingamizi

Wako watakaosema kwamba kufundisha hivi ni kutonesha kidonda, na kwamba vijana waachwe wasahau. Serikali ya Nigeria ilipomaliza vita ilitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, na hilo lilikuwa neno jema. Lakini neno jema halikuzuia mwenye akiba benki katika eneo la Biafra kurudishiwa paundi ishirini tu, awe alikuwa na mia au elfu. Kwa miaka kadhaa katika karne hii Historia haikufundishwa kama somo la peke yake katika elimu ya msingi ya nchi hiyo. Mwaka 2014 filamu iliyotokana na riwaya ya Adichie ilicheleweshwa na wakaguzi kabla ya kuonyeshwa. Je, watu wakasahau? Hawakusahau. Walisimuliana majumbani, kila nyumba hadithi yake, na shule haikuwapo kuzikutanisha hadithi hizo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wengine watasema kwamba Biafra ni mbali. Mikoa yetu ya magharibi imewapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 na ya 1993, na ya Rwanda ya 1994, na vita vya Kongo. Watoto na wajukuu wao wamo madarasani mwetu. Mtoto kama huyo hukaa kimya mada hii inapofundishwa, kwa sababu anachokijua hakimo katika kitabu cha kiada, na hakuna aliyemwambia kwamba alichosimuliwa na bibi yake ni ushahidi. Kuianza kazi hii na Biafra, iliyo mbali, ni kumpa nafasi ya kujifunza kuhoji na kupima kabla hajaligusa la kwake. Na pengine, siku moja, kuliandika.

Yule kijana wa mazoezi ya kufundisha aliniuliza baada ya kipindi angejibu nini. Nilimwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, ila lilikuja mapema mno. Angelirudishia darasa swali: ikiwa hakuwapo, aliwezaje kujua habari za kibuyu? Hapo wangeanza kutafuta alisikia kwa nani, na huyo aliyemsimulia alikuwa amekaa upande gani wa garimoshi.